Uzi, Nukuu na Nasaba: Uhakiki wa Maneno Yaelezayo DNA

Neno "vinasaba" limekwisha kukaa katika Kiswahili cha Tanzania kama mwenyeji. Magazeti hulitumia, mahakama huletewa majibu ya vipimo kwa jina hilo, na sheria ya mwaka 2009 inayosimamia matumizi ya vinasaba vya binadamu imelipa hata nguvu ya dola. Ni neno zuri kulisikia. Limeundwa kwa kanuni za lugha yenyewe: nasaba, lililotoka Kiarabu zamani na ambalo kila mtu wa pwani hulijua kwa maana ya ukoo na asili ya mtu, limetiwa kiambishi cha udogo, ki- na vi-, likapatikana jina la kitu kidogo cha nasaba. Aliyeliunda hakuchukua sauti tupu kama waliosema "jeni". Alitafuta maana, akaipata nyumbani. Kwa hiyo wapenda lugha wamelipokea kwa furaha, na ni nadra mtu kuliuliza swali.

Swali lipo, wala si dogo. Neno la elimu halipimwi kwa uzuri wa umbo lake tu. Hupimwa kwa kazi: je, mtu akilishika, aweza kusimulia jambo lilivyo tangu mwanzo hadi mwisho pasipo neno hilo kumkwamisha njiani? Kwa kipimo hiki vinasaba ni nusu ya neno. Lasema jinsi DNA ipitavyo kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Halisemi jinsi DNA ifanyavyo kazi kila dakika ndani ya mwili wa mtu ambaye huenda hana mtoto wala hatapata. "Chembe za urithi," usemi wa watangazaji wa redio, una ila hiyo hiyo, tena na nyingine juu yake, maana DNA si chembe, na chembe hai ni jina ambalo wengine wamekwisha kuipa seli.

Kitu chenyewe ni uzi, tena si uzi mmoja bali nyuzi mbili. Uti wa mgongo wa kila uzi ni sukari na fosfeti zipokezanazo daima kwa namna ile ile, na kutoka katika kila sukari huchomoza besi moja kati ya nne: adenini, timini, guanini na sitosini. Sukari na fosfeti hazibadiliki, kwa hiyo hazisemi neno. Habari yote imo katika mpango wa besi. Nyuzi mbili hukabiliana, besi zikielekea ndani, nazo hazikutani ovyo: adenini hushikana na timini kwa viungo viwili vya haidrojeni, na guanini hushikana na sitosini kwa viungo vitatu. Kisha nyuzi zote mbili huzungukana kama mikato ya parafujo, kuelekea kulia, na kila mzunguko mmoja una jozi kumi hivi za besi. Unene wa uzi huo maradufu ni nanomita 2, yaani sehemu mbili katika milioni ya milimita moja. Lakini DNA iliyomo katika seli moja ya binadamu, ikinyoshwa na vipande vyake kuunganishwa, hufika urefu wa mita 2 hivi.

Vitabu vingi hulifananisha umbo hili na ngazi iliyopindwa. Mfano huo watosha kwa picha ya ukutani, walakini humficha msomaji mambo mawili. Miguu ya ngazi yote miwili huelekea upande mmoja, nazo nyuzi za DNA huelekea pande zilizo kinyume, kama safu mbili za watu wapishanao njiani. Tena kipandio cha ngazi ni kipande kizima, bali hapa kila kipandio ni vipande viwili vilivyoshikana kwa mvuto mdogo uwezao kuachia. Bila ya kujua jambo la kwanza, mtu hataelewa kwa nini kuurudufu uzi huu ni kazi yenye taabu. Bila ya la pili hataelewa hata kwamba kazi hiyo yawezekana. Mtu aliyepata kuona kamba ya makumbi ikisokotwa ana mfano ulio karibu zaidi. Yeye ajua kuwa nyuzi mbili huweza kusokotana na bado zikawa mbili, na ya kuwa ukizitenganisha kwa haraka, kamba hujipinda na kufanya vifundo mbele ya mkono wako. Jambo hilo hilo hutukia ndani ya seli, na vipo vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuukata uzi, kuulegeza msokoto, kisha kuuunga tena.

Umbo hilo lilitangazwa na James Watson na Francis Crick wa Cambridge katika jarida la Nature la tarehe 25 Aprili 1953, kwa makala ya ukurasa mmoja na kidogo. Makala hiyo yafaa kusomwa na wahakiki wa nathari pia, kwani haina neno la ziada. Na jambo kubwa kuliko yote, kwamba umbo lenyewe laonyesha njia ya kujirudufu, liliguswa kwa sentensi moja tu ya haya. Haya hiyo haikufika kwenye kuwataja waliotangulia. Picha ya eksirei iliyopigwa London mwezi wa Mei 1952 na Rosalind Franklin pamoja na Raymond Gosling, ambayo Watson alionyeshwa pasipo Franklin kujua, haikutajwa kwa jinsi ilivyostahili. Franklin alifariki mwaka 1958, miaka 4 kabla ya Tuzo ya Nobel kuwafikia Watson, Crick na Maurice Wilkins.

Sentensi ile moja juu ya kujirudufu ndiyo iletayo shida ya kwanza ya msamiati. Kiswahili kina maneno mawili yaliyo tayari, kunakili na kurudufu, na waandishi huyabadilishana kana kwamba ni pacha. Si pacha. Nakili limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhamisha, kutoa kitu hapa na kukipeleka pale. Na katika matumizi ya Waswahili, penye kunakili pana asili na pana nakala, na asili ina heshima kuliko nakala. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann tendi kadha wa kadha kwa hati za Kiarabu, kila alipomaliza kazi palikuwa na miswada miwili, wa kale na mpya, na hapakuwa na shaka upi ni upi.

DNA haifanyi hivyo. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl walitangaza jaribio walilolifanya kwa bakteria. Waliwalisha naitrojeni nzito kwa vizazi vingi mpaka DNA yao yote ikawa nzito, kisha wakawahamishia katika naitrojeni ya kawaida. Baada ya kizazi kimoja hawakuona DNA nzito na DNA nyepesi mbali mbali, kama ambavyo ingekuwa lau asili ingalibaki nzima kando ya nakala yake. Waliona DNA ya uzito wa kati tu. Kila molekuli ilikuwa na uzi mmoja wa zamani na uzi mmoja mpya. Mtu akiuliza ipi asili na ipi nakala, hapana jibu, kwa sababu asili imegawanyika sawasawa katika zote mbili. Ndiyo maana kurudufu, yaani kukifanya kitu kiwe maradufu, ni neno la kweli mahali hapa, na kunakili si la kweli.

Yatendekayo ni haya. Kimeng'enya kimoja huzifungua jozi, na kila uzi ulioachwa wazi huwa kiolezo: penye adenini hutakiwa timini, penye guanini hutakiwa sitosini, na kinyume chake. Kimeng'enya kingine huziunga besi zijazo, lakini hicho hujenga kwa mwelekeo mmoja tu. Na kwa kuwa nyuzi zimepishana, uzi mmoja hujengwa mfululizo na wa pili hujengwa vipande vipande kwa kurudi nyuma, kisha vipande huungwa. Reiji Okazaki na mkewe Tsuneko, wataalamu wa Japani, walivibainisha vipande hivyo katika miaka ya 1960, navyo huitwa kwa jina lao. Katika seli ya binadamu kazi huanzia mahali maelfu kwa wakati mmoja, ikaisha kwa saa 8 hivi. Makosa yasaliayo baada ya masahihisho yote hayazidi moja hivi katika besi bilioni moja. Mnakili wa utendi hujisahihisha kwa sikio, kwa kuwa mizani ikipungua au kina kikipotea hujua pana neno lililoanguka. Kimeng'enya hakina sikio. Hurudi nyuma na kuiondoa besi isiyokaa vizuri mahali pake, kwa kujua umbo tu, wala hakijui hata chembe yale yaliyoandikwa.

Hadi hapa neno vinasaba halijaleta hasara kubwa, maana kurudufu ni jambo la uzazi: seli huzaa seli, mzazi humpa mtoto. Walakini seli nyingi za mtu mzima hukaa siku nyingi pasipo kurudufu DNA yake, na seli nyingi za neva hazirudufu tena kamwe. Hata hivyo hazikai kimya. Usiku na mchana vimeng'enya vingine hupita juu ya uzi, vikaufungua mahali pamoja, vikatoa mfululizo mfupi wa RNA kwa kuufuata uzi mmoja kati ya mbili kama kiolezo, kisha uzi maradufu hujifunga tena kama ulivyokuwa. RNA hutofautiana na DNA kwa mambo machache: sukari yake ina oksijeni moja zaidi, huwa ya uzi mmoja aghalabu, na pahali pa timini huweka urasili. Mwaka 1961 watafiti wa Ulaya na Marekani walithibitisha kwamba ipo RNA ya namna hii ichukuayo habari kutoka kwenye DNA na kuipeleka mahali protini zijengwapo.

Waingereza huliita tendo hili kwa neno la wanukuzi wa hati. Kiswahili kina neno lililo bora kuliko lao. Mtu anayenukuu hachukui kitabu kizima. Huchagua kifungu akitakacho, akakiandika pahali pengine, na kitabu hurudi rafuni kikiwa kizima. Hivyo ndivyo seli ifanyavyo, neno kwa neno. Habari ya binadamu ina jozi za besi bilioni 3 hivi katika seti moja, na sehemu zielezazo protini moja kwa moja hazifiki 2 katika 100. Seli ya ini na seli ya ngozi zina kitabu kile kile. Hutofautiana kwa vifungu zinavyonukuu. Hata jambo lililowashangaza wanasayansi mwaka 1977, kwamba katika viumbe kama binadamu RNA hukatwa vipande vya katikati na ncha zilizobaki kuungwa kabla ya kutumika, halingemshangaza mtu yeyote aliyepata kunukuu na kuweka nukta tatu pale aliporuka maneno. Wanaisimu wamezoea kulitumia neno unukuzi kwa kuandika sauti za usemi. Hapana budi waikubali ndoa hii ya pili; neno haliharibiki kwa kuolewa na elimu mbili, maadamu kila moja yajua nyumba yake.

Basi kurudufu liwe la DNA kuzaa DNA, na kunukuu liwe la DNA kutoa RNA. Mwalimu asemaye kunakili kwa yote mawili humnyima mwanafunzi tofauti iliyo moyo wa somo lote: tendo la kwanza huchukua kitabu chote mara moja tu kabla ya seli kugawanyika, la pili huchukua kifungu, mara mia au mara elfu, au lisikichukue kabisa.

Juu ya tendo la tatu, la RNA kusomwa na ribosomu na kutoa protini, yapo machache ya kusema. Hulitwa kutafsiri, kwa kufuata Kiingereza, na hapo Kiingereza chenyewe kimekosea. Tafsiri kwa asili yake ya Kiarabu ni ufafanuzi. Hata kwa maana ya Kiswahili, mfasiri hupima maana, akachagua. Ribosomu haichagui. Besi hupimwa tatu tatu. Mafungu yaliyopo ni 64, na 61 kati yake husimamia asidi amino 20, na matatu husema basi. Jedwali hilo, lililoanza kufunuliwa mwaka 1961 na kukamilika mwaka 1966, ni kama lile la kugeuza hati za Kiarabu kuwa za Kirumi, tena lenyewe ni rahisi zaidi. Msomaji wa miswada ya Lamu hukuta herufi moja, ba, yenye kuweza kuwa b, p au mb, na hana budi kujua lugha ili aamue. Katika seli mambo ni kinyume: fungu moja halina ila asidi amino moja, ijapokuwa asidi amino moja yaweza kuwa na mafungu mengi, hata 6. Palipo na kitu mfano wa ukalimani ni kwa vile vimeng'enya vinavyoifunga kila asidi amino na RNA ndogo iliyo yake. Hivyo tu ndivyo vinavyojua pande zote mbili. Walakini neno tafsiri limekwisha kuenea katika vitabu vya dunia nzima, na kuling'oa hakuna faida ilingane na taabu. Msomaji aonywe, yatosha.

Neno vinasaba haliwezi kuachwa kwa upole huo huo, na ushahidi wake ni ugonjwa uliomo katika nchi zenyewe za Waswahili, yaani selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza kutokana na uchunguzi wake katika Afrika Mashariki kwamba mtu aliyepata jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani ya malaria. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kosa lenyewe lilipo: katika mnyororo mmoja wa hemoglobini wenye asidi amino 146, ile ya sita imebadilika, valini ikakaa pahali pa asidi glutamiki. Katika DNA ni herufi moja tu, adenini iliyogeuka timini.

Daktari akimweleza mama kwamba ugonjwa wa mwanawe umetoka katika vinasaba, mama husikia nasaba. Husikia ukoo, na swali lijalo upesi ni ukoo wa nani, wa mume au wa mke. Na aliyepata kuishi na watu ajua swali hilo huishia wapi. Jibu la kweli, kwamba mtoto mgonjwa amepokea jeni hiyo pande zote mbili, laweza kutolewa, lakini hutolewa likiwa limechelewa, maana neno limekwisha kutangulia. Tena nasaba ni kitu kisichotengenezwa. Mtu haendi hospitali kubadili ukoo wake. Neno hilo humfanya msikilizaji aone kwamba jambo lilikwisha siku mtoto alipotungwa mimba, na lililobaki ni subira.

Mambo sivyo yalivyo. Herufi ile iliyogeuka imo katika kila seli ya mtoto yenye kiini, katika jicho na katika mfupa, wala haidhuru huko, kwa kuwa huko kifungu hicho hakinukuliwi. Hunukuliwa katika seli changa za uboho zitakazokuwa seli nyekundu za damu. Nazo seli hizo zikikomaa huvitupa viini vyao. Ile seli iliyojipinda kama mundu chini ya hadubini haina DNA ya kiini hata kidogo. Waswahili husema damu wakikusudia ukoo, na wapimaji huchukua damu kutafuta nasaba; lakini uzi waupimao wameutoa katika seli nyeupe, maana nyekundu hazinao. Kilichozipinda ni protini iliyokwisha kujengwa kutokana na nukuu ya zamani.

Kadhalika mtoto mwenye selimundu huwa mzima miezi yake ya kwanza. Nasaba yake ni ile ile tangu tumboni. Kilichobadilika ni nukuu. Mwanzoni seli hunukuu jeni nyingine, ya hemoglobini ya mimba, isiyo na kosa. Baada ya kuzaliwa kifungu hicho hufungwa polepole na kile chenye kosa hushika nafasi yake. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo wagonjwa wengi hunywa, husaidia zaidi kwa kuirudisha kidogo ile hemoglobini ya mwanzo. Na tiba iliyoidhinishwa Uingereza mwezi wa Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata haiisahihishi kamwe herufi ya selimundu. Seli za uboho hutolewa, hukatwa mahali pengine kabisa katika uzi, pale panapotawala kufungwa kwa jeni ya hemoglobini ya mimba, kisha hurudishwa mwilini. Kosa labaki pale pale. Kifungu kingine kimeanza kunukuliwa tena. Bei yake iliyotangazwa Marekani, dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, ni habari nyingine, nayo ni chungu.

Hayo yote hayasimuliki kwa neno vinasaba. Yasimulika kwa jeni, lile neno lililodharauliwa kwa utupu wake, kwa sababu neno tupu halimlaumu mjomba wala shangazi. Hukubali kujazwa maana ya kifungu kinukuliwacho. Yasimulika kwa DNA kuitwa DNA, na kuelezwa kuwa ni uzi. Vinasaba viachiwe mahakama na wapimaji wa uzazi, ambako nasaba ndiyo hasa iulizwayo.